Mnavuna Shamba la Nani?

Mwezi wa Julai mwaka 2019, wakati tukipukuchua mahindi, gari kubwa jeupe lilipanda kilima cha kwetu Mamboya likasimama mbele ya nyumba yangu. Aliyeshuka alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, kijana niliyemfundisha hesabu za darasa la sita, ambaye sasa ana kitambi na miwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu. Umepoteaje siku zote hizo?"

Alikuwa amemletea mama watoto doti ya khanga, na mimi kanletea sukari na majani ya chai. Tulikula, tukakumbuka ya zamani, tukawahesabu waliotutoka. Baada ya chakula ndipo akanieleza kilichomleta. Yeye ni meneja wa hospitali moja katika mji mkubwa, ambayo sitaitaja kwa jina. Ndani ya hospitali hiyo madaktari bingwa sita wameungana kwa miaka mingi kuendesha kazi kwa ubia: wanagawana wagonjwa, wanapokezana zamu za usiku, na mwisho wa mwezi wanagawana mapato. Wana daktari wa upasuaji, wa akina mama, wa watoto na wengineo. Wasichokuwa nacho ni daktari bingwa wa radiolojia, yaani yule anayesoma picha za eksirei, ultrasaundi na mashine nyingine za namna hiyo. Walikuwa wamenunua mashine mpya na picha zilikuwa zinarundikana. Walitangaza nafasi gazetini mara mbili, wala hakutokea mtu wa kuwafaa.

"Lakini, Mwalimu, tumegundua kuwa mmoja wa mabingwa hao ni kijana wako, tuliyesoma naye hapahapa. Yuko hospitali ya serikali huko mikoani. Tumemwandikia, hakujibu. Ukimwambia wewe hawezi kukataa."

Nakiri kwamba nilivimba kichwa. Wanafunzi wangu wawili, waliokaa dawati moja, leo mmoja meneja na mwingine bingwa! Jioni ile nilipanda mpaka penye mtandao mzuri nikapiga simu. Nilimwambia yote niliyoambiwa: mshahara, nyumba, gari, shule ya watoto. Daktari alinisikiliza kwa adabu. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza: "Mwalimu, na hapa nimwachie nani?"

Nikamjibu kwa wepesi kabisa: "Nenda, mwanangu. Serikali italeta mwingine."

Baada ya miezi miwili alikwisha kuhama. Kiti alichokiacha kilikaa kitupu miezi kumi na minne. Ndugu msomaji, makala hii naiandika kuipinga sentensi ile niliyoitamka mimi mwenyewe kilimani. Nimekuja kutambua kwamba si yangu peke yangu. Ndiyo sentensi inayoendesha biashara nzima ya kutafuta mabingwa katika nchi yetu: chukua, serikali italeta mwingine.

Kwanza tuelewane juu ya kazi ya mtu huyu, maana wengi humchanganya na mpiga picha. Mpiga picha za eksirei anakulaza, anaiweka mashine sawasawa, anapiga. Ni fundi mwenye elimu yake na heshima yake. Daktari wa radiolojia ndiye anayeitazama ile picha na kusema: hapa pana mfupa uliopasuka, hapa pana maji kifuani, hiki ni kivuli cha kawaida, kile si cha kawaida, mkimbizeni chumba cha upasuaji. Ili afike hapo anasoma udaktari miaka mitano, anafanya mazoezi kazini mwaka mmoja, kisha anarudi chuoni kwa miaka mitatu au zaidi kusomea ubingwa. Hesabu mwenyewe, na usisahau miaka ya msingi na sekondari iliyotangulia.

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya mwisho ya ukoloni na ya mwanzo ya Uhuru, nilikuwa msomaji wa barua wa kitongoji chetu. Baba mmoja alikuwa na mwanawe mkongeni. Barua ikija, aliifunga kwenye kitambaa akaja nayo nyumbani, akakaa kwenye kigoda akinitazama mdomoni. Siku ambazo nilikwenda kulala kwa shangazi, barua ilikaa ndani ya kitambaa. Habari ilikuwa imefika nyumbani kwake, lakini yeye alikuwa hajaipata. Picha ya hospitali isiyo na msomaji ni barua ile. Imeshapigwa, imeshalipiwa, ukweli wote umo ndani yake, na mgonjwa amelala pembeni yake hajui.

Hiyo si fumbo tu. Mwaka 2023 fundi seremala mmoja wa huku kwetu, aliyetengeneza madawati ya shule niliyoiongoza, alikwenda kufanya kazi ya mapaa katika mkoa mwingine, mbali na Morogoro. Akagongwa na bodaboda. Aliinuka, akajikung'uta, akarudi kazini. Baada ya siku kadhaa kichwa kikaanza kumuuma bila kukoma. Alipelekwa hospitali ya huko, akapigwa picha ya kichwa kwa mashine nzuri ya CT skani, akaambiwa arudi baada ya siku tatu kwa majibu. Siku tatu zikawa tano. Msomaji wa hospitali hiyo alikuwa ameondoka, na picha zilikuwa zinasubiri mtu wa kuzisoma kutoka kwingine. Siku ya tisa ndipo lilipokuja jibu kwamba damu ilikuwa inavuja taratibu ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo. Wakati huo mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kulegea. Alifunguliwa fuvu katika hospitali kubwa, akapona, namshukuru Mungu. Lakini mkono haukurudi kama zamani. Randa haishiki tena. Leo anakaa barazani akiwaelekeza wanawe jinsi ya kupiga msumari.

Hospitali hiyo siyo ile aliyotoka daktari wangu. Niliuliza, maana nilikuwa na hofu. Hata hivyo jibu hilo halikunipa faraja hata kidogo. Kila kiti kinachoachwa kitupu kina seremala wake. Wa kiti kile nilichokiacha kitupu mimi, simjui tu.

Sasa niseme na ninaotaka kusema nao, yaani nyinyi wakubwa wa hospitali za kulipia na nyinyi madaktari mliokwisha kuungana na kuweka mizizi. Siwachukii. Nakumbuka kwamba sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba ya kibiashara nchini, na nakumbuka misururu iliyofuata. Sheria ilipolegezwa mwaka 1991 nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Kuungana kwenu ni jambo jema. Daktari mmoja akiugua, mwingine anashika zamu. Ninachopinga ni namna mnavyomtafuta huyo wa saba.

Jambo la kwanza, mnavuna msipopanda. Bingwa mnayemtamani amesomeshwa kwa kodi ya mkulima wa mbaazi na muuza nyanya wa Dumila. Wengi wa hao husoma ubingwa kwa fedha ya umma, mwajiri wao akiwaruhusu kwa matumaini kwamba watarudi. Nyinyi mnangoja avune vyeti, ndipo mnatokea na gari jeupe. Hampeleki chuo kijana hata mmoja. Jirani akikusaidia kuvuna ni wema, lakini jirani anayekuja usiku na gunia lake ana jina lake, hata kama aliacha sukari mezani.

Jambo la pili, mnamwambia "jiunge nasi" mkiwa na maana ya "tutumikie." Nilikuja kuyajua haya kwa kinywa cha daktari wangu mwenyewe. Sita wa zamani wana hisa. Yeye alikuwa na mshahara. Sita wana sauti katika kikao. Yeye alikuwa na kiti karibu na mlango. Kila picha ya usiku ilikuwa yake, kila mgonjwa wa Jumapili alikuwa wake, na mapato ya mashine yaligawanywa na watu wasiojua kuisoma. Aliambiwa ubia utakuja baada ya mwaka mmoja, kisha miwili. Mwaka wa nne akaondoka, sasa yuko nje ya nchi. Basi tazameni hasara hii: mkoa ulimkosa, nyinyi mmemkosa, Tanzania imemkosa. Mlimng'oa mti kwenye ardhi yake, mkampanda kwenye kopo, kisha mkashangaa kuwa haukuzaa.

Jambo la tatu, na hili ndilo linaloniuma kama mwalimu, mnachukua msomaji lakini hamfundishi kusoma. Katika miaka yote minne daktari wangu hakupewa hata saa moja kwa wiki ya kumkalisha tabibu kijana mbele ya picha na kumwambia, "Haya, unaona nini?" Aliomba. Akajibiwa kwamba saa ni fedha.

Najua mtakayoyajibu. Mtasema daktari ni mtu huru, ana watoto, ana wazazi wanaomtegemea, kwa nini afungwe mkoani kama mbuzi? Nakubaliana nanyi kabisa. Sijaandika kumlaumu yeye. Nimekuwa mtumishi wa umma maisha yangu yote, nimekaa nyumba ya shule inayovuja, nimengoja mshahara uliochelewa. Siwezi kumhubiria mtu uvumilivu ambao mwenyewe uliniuma. Haki ya kuhama ni yake. Deni ni la anayenufaika na kuhama kwake. Mkimpokea mtu aliyesomeshwa na wote, lipeni kwa wote. Ni hesabu ya darasa la sita, na meneja wangu alikuwa hodari wa hesabu.

Mtasema pia kwamba kosa ni la serikali. Hapo nami sina ubishi mkubwa. Mwezi Machi mwaka 2017 Kenya iliomba madaktari 500 kutoka kwetu, nasi tukakubali. Kesi ilipofunguliwa huko na kuuzuia mpango, Rais Magufuli aliamuru waliokuwa tayari kwenda, madaktari 258, waajiriwe hapahapa nyumbani. Tukafurahi. Lakini nani alijiuliza madaktari 258 walikuwa wamekaa wapi siku zote hizo, huku wagonjwa wa vijijini wakilala chini? Na baada ya mwaka 2021, kutokana na ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, zilinunuliwa mashine za CT skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Ni jambo kubwa, na asiyelishukuru hana shukrani. Lakini mashine hununuliwa kwa mwaka mmoja, na jicho la kuisomea hukuzwa kwa miaka kumi. Aliyeagiza mashine alipaswa kuwa ameagiza macho miaka tisa kabla. Hata sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023, ambayo naiunga mkono, italipia picha; haiwezi kuisoma.

Hata hivyo kosa la serikali haliwi ruhusa kwenu. Nyumba ya jirani ikiwa haina mlango, haijawa soko.

Wapo watakaosema, "Mwalimu, umepitwa na wakati. Siku hizi picha inatumwa kwa mtandao, bingwa anaisoma akiwa kokote duniani." Ni kweli, na kwa picha za usiku au za mahali pasipo na mtu hiyo ni baraka, huenda ingemwokoa seremala wangu mkono. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Ultrasaundi inamtaka mtu aliyeshika kifaa juu ya tumbo la mgonjwa. Sindano ya kuchukua nyama ya uvimbe inaelekezwa na mtu aliyesimama hapo. Na zaidi ya yote, bingwa aliye ndani ya jengo ndiye anayemwita tabibu kijana pembeni na kumwonyesha alichokosea. Wa mtandaoni hutuma jibu, lakini hamwachi mtu nyuma yake.

Je, iko njia nyingine? Iko, na imekwisha kutembewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hospitali ya KCMC, Moshi, ilimpata Dk. Helmut Diefenthal, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa bingwa wa radiolojia huko Minnesota, Marekani. Alikuja akiwa amestaafu, umri ambao wengi tunatafuta kiti cha uvivu. Angeweza kukaa na kusoma picha za Moshi mpaka achoke, na hospitali ingesifiwa kwa kupata bingwa. Yeye alianzisha shule. Alianza na madaktari wasaidizi, akawafundisha radiolojia ili warudi katika hospitali zao. Baadaye yakaja mafunzo ya ubingwa wenyewe. Hospitali ilipata mtu mmoja, nchi ikapata safu.

Na mfano mwingine ni wa juzijuzi. Ipo radiolojia ya kutibu, ambamo daktari hupitisha mrija au sindano mwilini akiongozwa na picha, bila kumpasua mgonjwa. Muhimbili haikuwa na wataalamu wake wa fani hiyo. Kuanzia mwaka 2018 timu za daktari, muuguzi na fundi zilikuja kutoka Marekani kwa zamu, wiki mbili mbili, si kuwafanyia Watanzania kazi bali kuwafundisha wakiwa kazini. Wahitimu wa kwanza walipatikana mwaka 2021, nao wakaanza kufundisha wenzao. Hawakumng'oa mtu kwenye kiti chake.

Mimi mwenyewe nimeyaona haya kwa upande wa chaki. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 taifa liliamua watoto wote waingie shule ya msingi. Walimu hawakuwepo. Tungeweza kukaa tukinyang'anyana wachache waliokuwepo, Kilosa ikiiba kwa Mpwapwa na Mpwapwa ikiiba kwa Kilosa. Badala yake waliletwa kwetu vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha huku wakijifunza, kwa masomo ya redio na ya posta na kwa kukaa nyuma ya madarasa yetu. Sisemi kila kitu kilikwenda vizuri. Wengine waliandika "mrefu" kwa "l," na watoto wakaiga. Nilitumia jioni nyingi kusahihisha walimu kabla ya kusahihisha wanafunzi. Lakini mmoja wao, kijana mwenye haya aliyekuja kwangu hajui kusimama mbele ya darasa, ndiye aliyemfundisha yule meneja kusoma darasa la kwanza. Daktari pia. Wala sidai bingwa wa radiolojia apikwe haraka namna hiyo. Mwili wa mtu si ubao wa kufuta. Nadai roho ileile: upungufu hautibiwi kwa kunyang'anyana, hutibiwa kwa kulea.

Basi nawapeni sharti langu. Yeyote anayechukua bingwa mmoja kutoka hospitali ya umma asomeshe wawili, ada na posho, na mmoja wao arudi kwenye kiti kile kilichoachwa. Kabla ya kumchukua, aiandikie hospitali ile, wapatane muda wa kukabidhi kazi. Mtu hahami kama mwizi. Akishafika, apewe ubia wa kweli katika muda ulioandikwa kwenye mkataba, si ulioahidiwa kwenye chai. Na apewe siku moja ya kila wiki kufundisha, ndani ya hospitali yenu au ile aliyoiacha. Mkiona ghali, kumbukeni kwamba bei hiyo imekuwa ikilipwa siku zote. Tofauti ni kwamba mlipaji amekuwa seremala.

Mwaka 2024 meneja wangu alinipigia simu. Mashine iko palepale, kiti cha msomaji kitupu, na safari hii amesikia habari za binti mmoja anayemaliza ubingwa. Aliniomba nimsemeshe baba yake, ambaye tunasali naye kanisa moja.

Sikumgombeza, nilimwambia tu kwamba nitamsemesha baba wa binti siku atakaponiletea majina mawili ya vijana wanaosomeshwa na hospitali yake, pamoja na risiti za ada. Alicheka, akasema, "Mwalimu, bado unatupa kazi za nyumbani." Nikamwambia ndiyo, na hii lazima isahihishwe.

Hajaleta bado. Namba yangu anayo.